Ingoma, Siasa na Neno “Mwanaharakati”: Maelezo kwa Wanaokwenda Kutafiti Gitega na Muyinga

Wanafunzi wa uzamili wa sosholojia wamezidi kubisha hodi katika Idara yetu wakiomba msaada wa tafsiri. Mada zao hutofautiana, lakini maneno matatu hayakosekani: siasa, utamaduni na uanaharakati. Kwa kawaida huja na hojaji iliyokwisha kuandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, wakitaka igeuzwe Kiswahili na Kirundi kabla ya safari ya Gitega au Muyinga, na safari yenyewe ni ya wiki ijayo. Katika makala haya tunaeleza kwa nini kazi hiyo haimaliziki kwa siku mbili. Tunawaeleza pia walimu wenzetu, na wale wanafunzi wetu wanaoajiriwa kuwa wasaidizi wa utafiti, ni nini hasa kinachotafutwa na taaluma hiyo ya jirani na ni wapi lugha inapoingia.

Tuanze na swali moja ambalo, kwa sura moja au nyingine, limo katika hojaji nyingi za aina hii: “Je, wewe au mtu wa nyumbani kwako amewahi kushiriki katika uanaharakati wa kisiasa au wa kitamaduni?” Kisarufi swali halina kasoro. Hata hivyo mkulima wa mlima wowote wa Gitega akiulizwa hivyo atajibu “hapana”, na mtafiti ataandika “hapana”, na mwisho wa yote tasnifu itasema kwamba wananchi wa huko hawajishughulishi na mambo ya umma. Kosa hilo si la mkulima.

Neno siasa limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya uongozi na usimamizi wa mambo. Kamusi za zamani za Kiswahili huliorodhesha na maana nyingine ambayo vijana wetu hawaijui: upole, utaratibu, kwenda na jambo taratibu bila pupa. Mzee wa pwani aliweza kusema “mwambie kwa siasa” bila kufikiria chama wala uchaguzi. Leo maana hiyo imefifia, na katika mazungumzo ya mitaani siasa inakaribia kuwa jina jingine la maneno matupu. Kirundi nacho kimechukua neno lake kutoka Kifaransa, poritike, na halina heshima kubwa zaidi. Ukimwambia mtu “tunataka kuzungumza nawe kuhusu siasa”, umemwambia kwamba unataka kumwingiza katika jambo ambalo watu wazima hulikwepa.

Utamaduni asili yake ni Kiarabu vilevile, katika mzizi mmoja na neno la mji. Kwa asili, basi, mwenye utamaduni ni mtu aliyestaarabika kimji. Kirundi hutumia imico, yaani tabia na mienendo ya watu, na hilo halina mji ndani yake. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka umuulize bibi wa kijijini kuhusu utamaduni wake kwa Kiswahili. Atakutajia vitu vya kuonyesha wageni: ngoma, vikapu, mavazi. Ukimuuliza kuhusu imico atakueleza jinsi mkwe anavyosalimiwa na nani huketi wapi. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila si majibu ya swali moja.

Neno lenye matatizo zaidi ni la tatu. Harakati ni mwendo, pilikapilika. Kiswahili kilizoea kusema “harakati za ukombozi” kwa heshima kubwa, na baadaye, mashirika yasiyo ya kiserikali yalipoenea katika Afrika Mashariki, mwanaharakati akawa mtu wa semina, wa maandamano na wa kutetea haki. Burundi hali ni nzito zaidi. Mwezi Aprili 2015 chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, na maandamano yakaanza Bujumbura. Mei 13 likatokea jaribio la kupindua serikali, likashindwa. Baada ya hapo mashirika kadhaa ya kiraia yalisimamishwa, na Oktoba 2016 matano kati yake yakafutwa kabisa. Watetezi wa haki na waandishi wa habari wengi waliikimbia nchi. Kauli ya waandamanaji, sindumuja, yaani “mimi si mtumwa”, ikageuka kuwa jina la kumtambulisha mtu, na jina likawa hatari kwa aliyebandikwa. Kwa hiyo anayemwuliza Mrundi kama ni mwanaharakati anasikika kana kwamba anauliza: mwaka 2015 ulikuwa upande gani? Swali hilo haliulizwi mgeni na mwenyeji katika mazungumzo ya kwanza.

Sosholojia haina maana finyu hivyo inaposema uanaharakati. Inachotafuta ni namna watu wanavyojipanga pamoja ili kudai, kulinda au kubadili jambo linalowahusu. Wanawake wanaokataa kwa pamoja bei ya mnunuzi wa kahawa wamo. Ukoo unaosimama kutetea haki yake ya kutunza kitu cha kale umo. Hapo ndipo Gitega inapotupa mfano ambao ni vigumu kuupata mzuri kuliko huo.

Kilomita chache kutoka mjini Gitega, ambao umekuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, kuna Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme. Masimulizi ya pale yanamtaja Mfalme Mwezi Gisabo, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 19 hadi 1908. Mwanafunzi wa Kiswahili akifika Gishora atadhani neno analijua, kwani kwa Kirundi ni ingoma na kwetu ni ngoma. Lakini ingoma ya Kirundi ni ala na ni utawala pia. “Ingoma ya Mwezi” ni enzi ya Mwezi. Kwa Kiswahili cha leo ngoma imepanuka upande mwingine: ni ala, ni uchezaji, ni sherehe nzima, na kwa misimu ya mjini hata ni ugonjwa. Maana ya enzi haipo katika neno, ingawa jambo lenyewe pwani ililijua. Ngoma na siwa vya Mwinyi Mkuu wa Unguja vilikuwa alama za mamlaka yake kama vile Mujaguzo zilivyo kwa Kabaka wa Buganda. Anayetafsiri ingoma kwa ngoma bila maelezo ameshaiondoa siasa katika sentensi, kisha anaitafuta siasa hiyo katika swali linalofuata.

Tuzitazame ngoma mbili takatifu za Gishora, Ruciteme na Murimirwa. La kwanza limo kitenzi gutema, ambacho sisi tunacho katika “kutema kuni”, na hufasiriwa kuwa ni yule ambaye kwa ajili yake msitu hufyekwa. La pili ni darasa zima la mofolojia, na tunawashauri walimu walitumie: mzizi rim (lim), kiambishi cha kutendea, kiambishi cha kutendwa, na kiambishi cha ngeli ya watu mwanzoni. Kwa Kiswahili tungepata mlimiwa, yaani mtu ambaye wengine humlimia. Katika jina la ngoma moja kuna mpango wa kodi, kazi na utii wa nchi nzima. Mwanasosholojia atakayeandika “Murimirwa (jina la ngoma)” kisha akaendelea, amepita mbele ya hazina mlango ukiwa wazi.

Katika upigaji wenyewe, inkiranya ndiyo ngoma ya kati inayotoa mwongozo, amashakwe hushikilia mapigo yasiyokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Ngoma huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma. Sehemu zake zina majina ya mwili wa mama: kuna amabere, yaani matiti, kuna umukondo, ambao ni kitovu, na kuna urugori, taji avaalo mwanamke aliyezaa. Tunaomba msomaji ayakumbuke majina haya kwa dakika chache.

Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Umuganuro, sikukuu ya mtama ambayo ndiyo iliyokuwa kilele cha mwaka wa ngoma, ilikwisha kukoma mapema zaidi, mwaka 1929, wakati wa Wabelgiji. Hata hivyo ngoma hazikunyamaza. Zilibaki kwa familia za wapigaji, abatimbo, zikirithishwa kutoka baba hadi mwana. Zikaingia katika sherehe za jamhuri, katika harusi na mapokezi ya wageni, na wapiga ngoma wa Burundi wakasafiri mpaka Uingereza, ambako mwaka 1982 walipiga katika tamasha la kwanza la WOMAD. Mwezi Novemba 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, ikatoka amri ya rais. Ngoma ipigwe na wanaume peke yao. Wanawake wakaachiwa michezo ya kike inayoandamana nayo. Makundi yajisajili katika wizara inayohusika na utamaduni. Ngoma ni ya sherehe rasmi, na anayeihitaji kwingine aombe kibali. Ikawekwa pia ada ya faranga 500,000 za Burundi, fedha ambazo kwa vijana wanaopiga harusini si mchezo.

Serikali ilieleza kwamba nia ni kuulinda urithi usichakae, na si vyema hoja hiyo ikapuuzwa. Ngoma iliyokuwa ikipigwa kwa nadra mbele ya mfalme ilikuwa imeanza kukodiwa kwa kila hafla, na wapo wazee wa kazi hiyo walioona haya. Wakosoaji walisema kwamba jambo la watu limechukuliwa na dola, na kwamba wanawake waliokuwa wameanza kushika imirisho, yaani vijiti vya kupigia, wamefungiwa mlango. Na hapa ndipo yale majina ya viungo yanaporudi. Upande mmoja husema: ngoma ni mwili wa mwanamke, basi mwanamke ataupigaje? Upande wa pili huchukua majina yaleyale na kuuliza: kama kila kiungo cha ngoma ni cha mama, mama atakatazwaje kuigusa? Nchini Rwanda, ambako nako mwiko huo ulikuwapo, kundi la wanawake la Ingoma Nshya lilianzishwa mwaka 2004 na Odile Gakire Katese. Mjadala wa Gitega, kwa hiyo, unajua kwamba jirani ameshalijibu swali kwa njia yake.

Kwa maoni yetu, mtafiti hapaswi kwenda Gishora akiwa ameshachagua upande. Anapaswa kwenda akijua kwamba mtu anayemweleza maana ya umukondo anaweza kuwa anaeleza ufundi wa seremala, au mila za uzazi, au msimamo wake juu ya amri ya 2017, na mara nyingine vyote vitatu katika sentensi moja. Swali la “uanaharakati” linaweza kuachwa kabisa, na mahali pake pakaulizwa: Mara ya mwisho ngoma zilipigwa lini hapa mlimani? Nani aliziita? Nani aliombwa ruhusa? Nani alikuwapo akatazama tu, na zamani alikuwa akipiga? Maswali hayo hayamtishi mtu, na majibu yake ni siasa tupu kwa maana ya kisosholojia.

Njia hii si ngeni. Kelly Askew alifanya utafiti wake wa uzamivu mjini Tanga katika miaka ya 1990, miongoni mwa wanamuziki wa ngoma, dansi na taarabu, na kitabu kilichotokana nao kikatoka mwaka 2002. Kwa kufuatilia nani anapanda jukwaani na nani anatunzwa pesa, alieleza mengi kuhusu taifa na chama. Kwa Warundi wenyewe tunao mfano wa Liisa Malkki, ambaye katikati ya miaka ya 1980, akiwa bado mwanafunzi wa anthropolojia, aliishi Tanzania na wakimbizi wa mwaka 1972. Wale wa makazi ya Mishamo walikuwa wamejijengea historia yao ya kitaifa, wakiisimulia kwa utaratibu kama somo. Wale waliojichanganya na watu mjini Kigoma hawakutaka kujulikana kama wakimbizi hata kidogo. Watu wa asili moja na msiba mmoja walikuwa na lugha mbili za kujieleza. Mtafiti angeuliza swali moja lililofungwa kwa wote, asingeliona hilo.

Sasa tuondoke Gitega twende kaskazini-mashariki, Muyinga, ambako tatizo linageuka sura. Gitega mtafiti huhangaika na maana ya Kirundi. Muyinga anaweza kuzungumza Kiswahili moja kwa moja, na furaha hiyo ina mtego wake.

Muyinga, ambayo katika mgawanyo mpya wa mikoa mitano sasa imo katika Mkoa wa Buhumuza, iko karibu na mpaka wa Tanzania. Malori hupita Kobero kwenda na kutoka Kabanga, wilayani Ngara. Ni mji wenye Waislamu wengi kwa kipimo cha Burundi, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya gereji na ya maegesho. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, watu wengi wa kaskazini walivuka kwenda Ngara, na kambi ya Lukole ikawa mji wa aina yake. Simon Turner aliifanyia utafiti mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Baada ya 2015 wengine tena walivuka, safari hii wakaishia zaidi katika kambi za mkoa wa Kigoma: Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Waliorudi walirudi na Kiswahili. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 2000, Kiswahili kilikuwa kimeingizwa katika shule za msingi, na Julai 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hivyo mtoto wa Muyinga anaweza kuwa na Kiswahili cha sokoni alichokipata bure na Kiswahili cha shuleni anachopewa alama.

Mtego uko hapa. Nchini Burundi umuswahili si msemaji wa lugha tu. Kwa muda mrefu neno hilo limemaanisha Mwislamu, mtu wa mjini, mfanyabiashara, na katika vinywa vya wasiowapenda, mjanja asiyeaminika. Historia yake ni ndefu. Wajerumani waliitumia lugha hii katika utawala na wakaanzisha Gitega mwaka 1912. Wamisionari wengi Wakatoliki waliitilia shaka kwa kuiona ni lugha ya Uislamu. Wakati wa Wabelgiji wasemaji wake wakawa watu wa mitaa maalumu ya mijini. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mzaliwa wa Gitega, alipoanza kuwaunganisha wafanyabiashara katika ushirika mwaka 1957, Waswahili wa Buyenzi mjini Bujumbura walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo. Lugha iliyodharauliwa ilikuwa pia lugha ya madai ya uhuru. Mtafiti anayeanza mahojiano Muyinga kwa Kiswahili amejiweka karibu na baadhi ya watu na mbali na wengine kabla hajauliza lolote. Tunashauri amwachie msailiwa achague lugha, kisha aandike katika daftari lugha iliyochaguliwa na mahali ilipobadilika, maana kubadilisha lugha katikati ya jibu ni taarifa kamili.

Kuna jambo dogo la matamshi ambalo wanukuzi wetu wanalijua vizuri. Kirundi hakitofautishi l na r kama Kiswahili sanifu, na wasemaji wengi hutamka “kula” na “kura” sawasawa. Katika utafiti wa siasa hili ni balaa la kuchekesha. “Walikuja kutafuta kura” au “kutafuta kula”? Tumewahi kusikiliza sentensi ya namna hii mara nne bila kuafikiana, na tukashuku kwamba msemaji alikusudia yote mawili. Mnukuzi asisahihishe. Aandike alivyosikia na aweke alama.

Neno jingine ambalo linatustahili ni nyumbakumi. Ni Kiswahili kitupu, limetoka katika mfumo wa mashina ya chama wa Tanganyika na Tanzania, na Burundi linatumika kwa kiongozi wa ngazi ya chini kabisa, anayejua nani amelala nyumba gani. Bendera nayo imo katika Kirundi kama ibendera. Dola yenyewe huitwa Leta, kutoka Kifaransa. Kwa hiyo hata msamiati wa mamlaka umekusanywa kutoka pande mbili, na ule wa karibu zaidi na mlango wa mwananchi ni wa kwetu. Mtafiti hataingia mtaani bila nyumbakumi kujua, na ni vizuri ajue mapema kwamba mahojiano yanayofanyika mbele ya kiongozi huyo ni mahojiano na kiongozi huyo.

Hilo linatupeleka kwenye usalama wa watu. Barua ya ridhaa ikitafsiriwa neno kwa neno husomeka kama hati ya polisi: “natia saini kukubali kwa hiari”. Kwa watu waliowahi kukimbia mara mbili, saini si jambo dogo. Mara nyingi ridhaa ya mdomo, iliyoelezwa polepole kwa lugha ya mhusika, inatosha na ni ya kweli zaidi, mradi kamati ya chuo iikubali kabla. Vitenzi vya kawaida navyo vinahitaji uangalifu. Mwishoni mwa 2015 kitenzi gukora, yaani kufanya kazi, kilipotumika katika hotuba za kisiasa kiliwashtua wengi, kwa sababu nchini Rwanda mwaka 1994 kilitumika kufunika mauaji. Mtafsiri aliyeandika “kazi” hakukosea kamusi. Lakini msomaji wa tafsiri yake asingejua kwa nini watu walifunga milango.

Kuhusu kuficha majina, kanuni ya vitabu husema badilisha jina la msailiwa na yatosha. Muyinga mjini huenda ikatosha. Gishora haitoshi. Wapigaji ni wa familia zinazojulikana, kila mmoja ana nafasi yake, na ukiandika “mzee wa miaka sitini na kitu anayetunza ngoma karibu na Gitega” umeshamtaja kwa jina lake na la baba yake. Huko mtafiti na msailiwa wanapaswa kukubaliana mapema ni maneno gani yataandikwa na ni yapi yatabaki pale pale, na msaidizi wa lugha awepo katika makubaliano hayo, kwa kuwa ndiye atakayebaki na kanda.

Kwa sababu hizo Idara inaomba hojaji ziletwe zikiwa bado rasimu, angalau wiki sita kabla ya safari, pamoja na orodha ya maeneo yatakayotembelewa. Tafsiri itafanywa na mtu mmoja, kisha mwingine ambaye hajaliona andiko la awali ataigeuza tena katika lugha ya mwanzo, na pale ambapo matini mbili zinapishana ndipo tutakapoketi na mtafiti. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotaka kushiriki kama wanukuzi, hasa wanaojua Kirundi cha Gitega au waliokulia Muyinga, waandikishe majina kwa katibu wa Idara.